Silver Eagle tangu 1986 hadi leo: seti kamili ni ipi?

"Mtaalamu, salaam. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi ya uuguzi Houston. Nilinunua kopo la Silver Eagle 20, zile sarafu za Marekani za madini ya fedha, zote za mwaka mmoja, nikaziweka kama akiba. Tangu hapo nimenogewa. Sasa nataka moja ya kila mwaka kuanzia 1986, iwe seti kamili niwaachie wanangu wawili, na mpaka leo nimefikisha miaka 11. Shida ni kwamba kila ninayemuuliza ananiambia lake. Mmoja anasema bila ile ya 1995 yenye herufi W nisiite seti, na bei yake naweza kupata gari kuukuu. Mwingine anasema ninunue zile zilizofungwa kwenye plastiki zenye daraja 70 tu, nyingine hazina maana. Kuna mtu mtandaoni ananipa ya 1996 kwa dola 25. Halafu yangu ya 2004 imeota madoa meupe kama maziwa, na mke wangu ananiambia niitumbukize kwenye maji ya moto yenye magadi na karatasi ya aluminiamu, kama anavyofanya kwa vijiko. Je, ni kweli seti ikikamilika thamani yake inaruka? Na siku nikirudi Tanga, nitaziuza kwa nani?"

Salaam, ndugu yangu, na hongera kwa hiyo miaka 11. Ninavyoona, waliokushauri hawakudanganyi, isipokuwa mmoja ambaye nitamfikia. Kila mtu anakujibu kwa kuangalia kabati lake mwenyewe. Anayekusanya prufu (sarafu zinazogongwa maalumu kwa wakusanyaji) anakupa sheria za prufu, anayeuza zilizofungwa plastiki anazisifia za plastiki, na wewe uliyeanza kwa kuweka akiba ya fedha umebaki katikati unahesabu nani ana kauli nzito zaidi. Kwa hiyo kabla ya bei na madoa, tukubaliane unakusanya nini hasa.

Silver Eagle ilitokana na sheria aliyotia saini Rais Reagan Julai 1985. Serikali ya Marekani ilikuwa na fedha nyingi, yaani madini na si pesa, kwenye ghala la akiba ya ulinzi ambayo haikuihitaji tena. Ingeimwaga sokoni kwa mkupuo, bei ingeanguka na wachimbaji wangepiga kelele. Ikaamuliwa igeuzwe sarafu, iuzwe taratibu. Ya kwanza iligongwa San Francisco Oktoba 1986, na mwezi uliofuata zikaingia sokoni. Vipimo havijabadilika tangu siku hiyo: wakia moja ya kupimia madini, yaani karibu gramu 31.1, usafi wa sehemu 999 kwa 1,000, kipenyo cha milimita 40.6, na thamani iliyoandikwa ya dola 1, ambayo hakuna mwenye akili timamu atakayeilipia soda. Upande wa mbele kuna mwanamke wa Uhuru anayetembea kulielekea jua, mchoro wa Adolph Weinman uliotumika kwanza kwenye nusu dola ya 1916. Nyuma alikaa tai mwenye ngao wa John Mercanti mpaka katikati ya 2021, alipopisha tai wa Emily Damstra anayetua akiwa ameshika tawi la mwaloni.

Kinachowachanganya watu ni kwamba chini ya jina hilo moja Mint ya Marekani, yaani kiwanda cha sarafu cha serikali, inauza bidhaa za namna mbili.

Namna ya kwanza ni sarafu ya akiba, kama hizo 20 zako. Haina herufi ya kiwanda popote. Mint haimuuzii mtu binafsi. Inawauzia wafanyabiashara wakubwa wachache walioidhinishwa, kwa bei ya fedha ya siku hiyo pamoja na nyongeza kidogo juu ya kila sarafu, nao wanazishusha hadi madukani. Hugongwa kwa kasi, hutiwa 20 kwenye kopo, makopo 25 kwenye sanduku la kijani, na hakuna anayehuzunika zikigongana njiani, kwa sababu zimekusudiwa kuuza uzito. Namna ya pili ni sarafu ya wakusanyaji. Humo mna prufu, yenye uwanja unaong'aa kama kioo na picha nyeupe iliyofifia, na tangu 2006 mna pia ile yenye uso laini wa kufifia na herufi W ya kiwanda cha West Point. Hizi Mint inaziuza yenyewe kwa umma, kwenye kisanduku chenye cheti, kwa bei inayojipangia.

Ile ya 1995 yenye W ni prufu. Mwaka ule Mint ilisherehekea miaka 10 ya mpango wa Eagle kwa kuuza seti ya sarafu nne za dhahabu kwa dola 999, na ndani yake ikachomeka Eagle moja ya fedha kama nyongeza. Hakukuwa na njia nyingine ya kuipata. Zilitoka 30,125 tu, huku prufu ya kawaida ya mwaka huohuo ikiuzwa kwa mamia ya maelfu. Wakusanyaji wa fedha, ambao wengi hawakuwa na dola 999 za kununulia dhahabu wasiyoihitaji, walikasirika, na wapo ambao hawajasamehe hadi leo. Bei yake sasa ni maelfu ya dola. Lakini kwenye seti yako ya sarafu za akiba haina nafasi, wala haijawahi kuwa nayo. Aliyekwambia hivyo hakukosea kuhusu seti yake. Amekosea kuhusu yako.

Na nikushauri kama mtu niliyeona wengi wakitumbukia: usiivuke hiyo mipaka kwa bahati mbaya. Upande wa wakusanyaji hauna mwisho. Kuna ya 2008-W iliyogongwa kwa makosa na mgongo wa 2007. Kuna prufu ya kinyume (picha ndiyo inayong'aa, uwanja umefifia) ya 2011-P, P ikiwa Philadelphia, iliyopatikana tu ndani ya seti 100,000 za kuadhimisha miaka 25. Kuna ya 2019-S, ya San Francisco, iliyotangazwa kwa kikomo cha 30,000 na kuisha upesi, na ya 2020-W yenye alama ndogo ya V75 ya kukumbuka mwisho wa Vita Kuu ya Pili, 75,000. Mint imeshajifunza kwamba neno "adimu" linauza, na inaweza kutengeneza adimu nyingine mwakani. Jambo la kuchekesha ni kwamba hata tajiri mwenye kila kitu ana pengo: mwaka 2009 hakukuwa na prufu kabisa, kwa sababu baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008 watu walizigombania sarafu za akiba kiasi kwamba vipande vyote vya fedha vikaelekezwa huko.

Seti yako wewe ni rahisi kuielezea. Kuanzia 1986 hadi 2025 ni miaka 40, bila mwaka hata mmoja uliorukwa. Mwaka 2021 una mbili, yenye tai wa zamani na yenye tai mpya, na mimi naona ni haki kuzihesabu zote. Jumla 41. Zote pamoja zina uzito wa kilo moja na robo hivi, na zinaenea kwenye boksi la viatu. Hiyo ndiyo seti kamili ya miaka ya Silver Eagle ya akiba, na muuguzi mwenye subira anaweza kuimaliza bila kukopa.

Nyingi kati ya hizo 41 ni rahisi. Mwaka 2015 pekee zilitoka milioni 47. Zinazobana ni za katikati ya miaka ya 1990, wakati fedha ilikuwa karibu dola 5 kwa wakia na hakuna aliyekuwa na haraka nayo: 1994 zilitoka milioni 4.2, 1996 milioni 3.6, 1997 milioni 4.3. Hiyo ya 1996 ndiyo ndogo kuliko zote. Usidanganyike, sarafu milioni 3.6 si adimu kwa maana halisi. Ziko nyingi kuliko watakaozitaka. Ni ghali kwa sababu kila anayejenga seti ya miaka lazima apite hapo, na wauzaji wanalijua hilo. Ya 1986 nayo ina nyongeza yake kwa sababu ni ya kwanza.

Utakutana pia na mtu atakayekwambia kuna ya 2015 iliyogongwa Philadelphia, 79,640 tu. Ni kweli zipo. Ila hazina herufi, hazina alama, hazina chochote kinachozitofautisha na zile milioni nyingine za mwaka huo. Kinachozitambulisha ni namba ya sanduku la kijani zilimotoka, kwa hiyo zilizotambuliwa zimo ndani ya plastiki yenye lebo inayosema hivyo. Ukiitoa kwenye plastiki, imepotea milele kati ya dada zake. Hapo unakuwa umenunua lebo. Mwenye kupenda lebo apende, lakini seti yako ni ya sarafu.

(Nje ya mada kidogo: ukishamaliza Eagle na bado mkono unawasha, kuna tembo wa Somalia, wakia moja ya fedha, iliyoandikwa shilingi 100. Hutengenezwa Munich, Ujerumani, na picha ya tembo hubadilika kila mwaka, jambo ambalo Eagle haikupi. Zimetolewa kwa jina la Somalia tangu 2004.)

Tuje kwenye daraja 70. Kampuni kubwa mbili za Marekani, PCGS na NGC, zilianza kazi hii miaka ya 1986 na 1987. Unazipelekea sarafu, wanahakikisha ni halali, wanaipa namba katika kipimo kinachoishia 70, wanaifunga kwenye plastiki ngumu yenye namba ya utambulisho. Kwa sarafu ya zamani iliyopita mikononi mwa watu, kazi hiyo ina maana kubwa, kwa sababu tofauti ya daraja inaonekana na inabadili bei. Kwa Eagle ya akiba mambo ni tofauti. Karibu zote ziko mpya tangu zilipotoka kiwandani. Tofauti ya 69 na 70 ni mkwaruzo ambao wewe na mimi tutautafuta kwa kioo cha kukuzia na tusikubaliane kama upo.

Ila bei yake inaonekana vizuri sana. Kwa miaka ya karibuni 70 ziko nyingi, na unalipa zaidi kwa ajili ya namba. Kwa miaka ya 1980 na 1990, ambapo hakuna aliyekuwa akizitunza hivyo, 70 inaweza kufika maelfu ya dola kwa sarafu moja iliyo na fedha ileile ya wakia moja. Na bei hiyo inategemea jambo usilolimiliki: ni ngapi nyingine zitapewa 70 kesho. Kila mtu anayefungua kopo la zamani na kupeleka sarafu kupimwa anaweza kukupunguzia thamani ukiwa umelala. Mimi kwa seti ya kuwaachia watoto ningechukua sarafu za wazi, safi, kila moja kwenye kapsuli yake, yaani kikasha kidogo cha plastiki ngumu. Mahali pamoja tu ningekubali plastiki ya daraja: ya 1996, tena ya 69, si kwa ajili ya namba bali kwa sababu kuna mtu amekwisha kuihakiki. Hata hapo, ingiza namba yake kwenye tovuti ya kampuni ulinganishe picha, maana plastiki nazo zinaghushiwa.

Madoa meupe ya 2004 yana historia yake, na hili naomba ulielewe kabla mama hajachemsha maji. Fedha ina maradhi mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni weusi. Salfa iliyomo hewani, kwenye mpira, kwenye makaratasi ya bei rahisi na kwenye mayai, inaungana na fedha na kufanya tabaka la kahawia, kisha bluu, mwisho nyeusi. Mbinu ya magadi na aluminiamu inatibu hilo: kwenye maji ya moto yenye magadi, aluminiamu inaichukua salfa na fedha inarudi kuwa fedha. Kwa vijiko ni sawa kabisa, mke wako anajua anachofanya.

Doa jeupe si salfa. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kipande cha fedha kabla ya kugongwa huoshwa kwa kemikali, na mabaki yasiposuuzwa vizuri hubaki usoni kama chumvi nyembamba, yakaokwa ndani kipande kinapopashwa moto ili kilainike, kisha chuma cha kugongea kikayakandamiza. Sarafu inatoka kiwandani ikiwa nzuri. Miaka inapita, doa linajitokeza, hata ndani ya kapsuli, hata ndani ya plastiki ya daraja 70, na kampuni za kupima haziyadhamini madoa ya namna hiyo. Si Marekani peke yake. Canada ilichoka na malalamiko kuhusu sarafu zake za fedha za Maple Leaf hadi mwaka 2018 ikaanza kuzitia kinga inayoiita MintShield.

Magadi hayatalitoa doa hilo. Yatakachofanya ni kuchezea ngozi ya sarafu. Igeuze Eagle mpya polepole chini ya taa moja: utaona mwanga unazunguka juu ya uso kama mkono wa saa. Hiyo inatokana na mistari midogo mno iliyojichora fedha ilipotiririka chini ya nguvu ya mashine. Ukisugua, hata kwa kitambaa cha pamba, hata kwa kidole chenye dawa ya meno, unaisawazisha mistari hiyo na mwanga unasimama. Mnunuzi yeyote mzoefu ataiona kabla hujakaa kitini. Kwa hiyo iache. Doa hupunguza ile nyongeza ya juu, haligusi uzito, na fedha iliyomo ni ileile. Likikuudhi sana, iuze hiyo ya 2004 kwa bei ya uzito na ununue nyingine. Ni mwaka wa kawaida, hautakutesa.

Kitu kimoja tu ninachoruhusu kwenye sarafu ni asetoni safi, siyo ile ya kuondolea rangi ya kucha, tena kwa ajili ya utando wa kijani unaonata unaotoka kwenye mifuko ya plastiki laini. Unaitumbukiza, unaitoa, unaiacha ikauke yenyewe bila kufuta, dirisha wazi, mbali na jiko. Na ile mifuko laini ndiyo uitupe leo.

Sasa yule wa dola 25. Ndugu yangu, Eagle ya mwaka wowote ina wakia nzima ya fedha, na dola 25 ni chini ya thamani ya fedha hiyo kwa bei ya sasa. Ya 1996 inastahili kuwa juu ya hapo tena kwa mbali. Mtu mwenye Eagle ya kweli anaweza kuingia duka lolote la sarafu Houston, akatoka na pesa nyingi kuliko unazompa wewe, katika dakika kumi. Kwa nini akutafute wewe? Ama hana sarafu, ama anayo isiyo ya fedha.

Jinsi ya kuikagua mwenyewe ni kazi ya mizani ndogo na kalipa (kifaa cha kupimia unene na kipenyo), ambavyo vyote havifiki bei ya sarafu moja. Msingi wake ni msongamano. Sentimita moja ya ujazo ya fedha ina karibu gramu 10.5, shaba nyekundu karibu 9, shaba ya njano karibu 8.5. Mghushi anayetumia shaba ya njano iliyopakwa fedha ana mitego miwili tu. Akifuata kipenyo na unene sahihi, sarafu itapungua, itasoma karibu gramu 25. Akitaka ifike 31, lazima ainenepeshe zaidi ya nusu milimita juu ya zile 2.98 zinazotakiwa, au aipanue. Hawezi kushinda vipimo vyote vitatu kwa shaba. Madini ya risasi ya kuchanganya yanaweza kumsogeza, lakini sauti inamsaliti, ukiigonga inatoa mlio mfu. Sumaku inakamata chuma na metali chache kama nikeli. Shaba haishikwi na sumaku, kwa hiyo "nimejaribu sumaku haikushika" haithibitishi kitu. Kwa zile za tai mpya kuna msaada zaidi: ukingo wenye meno umeachwa pengo dogo makusudi, ili wa kughushi ahangaike.

Ukiwa na wasiwasi wowote, peleka dukani. Duka zuri lina mashine ya miale inayosoma uso na nyingine inayopima jinsi umeme unavyopita ndani ya chuma chote. Uliza kama wana ile ya pili, kwa sababu ya kwanza inaweza kudanganywa na upako mnene.

Je, seti ikitimia thamani inaruka? Hapana, na ningependa usikie hivyo sasa kuliko wanao wasikie baadaye. Duka likinunua seti ya 41 halitaiweka dirishani ikae nzima. Mwenye duka atazitoa, ya 1996 huku, ya 1986 huku, chache za miaka ya 1990 huku, zilizobaki atazimwaga kwenye trei ya miaka mchanganyiko na kuzilipia kwa uzito na kitu kidogo juu. Albamu nzuri ya ngozi uliyoinunua atakurudishia mkononi. Ukikutana na mkusanyaji mmoja anayetaka seti iliyo tayari, unaweza kupata zaidi, lakini usiipigie hesabu bahati hiyo.

Bei ya kila sarafu ina sehemu mbili, na kila sehemu ina tabia yake. Sehemu kubwa ni bei ya fedha duniani, ambayo haikujui. Januari 1980 ilikaribia dola 50 kwa wakia, ikaanguka. Aprili 2011 ikakaribia tena, ikaanguka. Machi 2020 ilikuwa chini ya 12. Mwaka 2025 ikavuka 50. Aliyenunua kileleni 1980 alisubiri zaidi ya miaka 40, na dola zenyewe zilikuwa zimeshapungua nguvu. Sehemu ya pili ni nyongeza, na ndiyo unayoipoteza unapogeuka kuwa muuzaji: duka linakuuzia kwa nyongeza na kununua kwa nyongeza ndogo zaidi, au bila nyongeza kabisa. Kwa hiyo anayetaka akiba tupu anunue mwaka wowote wenye nyongeza ndogo na asihangaike. Nyongeza ya kukamilisha miaka ilipie kwa sababu unafurahia kuitafuta.

Hapo ndipo kopo lako la 20 linapokuwa na kazi. Acha moja iwakilishe mwaka wake; 19 ni za kubadilishana. Nenda kwenye maonyesho ya sarafu, Texas hayakosekani, na umwambie muuzaji: nakupa ya kawaida mbili, nipe ya 1996, tupime tofauti. Bei ya fedha ikiwa juu, ile tofauti kati ya mwaka wa kawaida na mwaka mgumu hujibana, kwa hiyo huo ndio wakati mzuri wa kubadilishana na wakati mbaya wa kununua kwa pesa taslimu. Chukua 1996, 1994, 1997 na 1986 kwanza. Za miaka ya 2010 zitakusubiri.

Kutunza hakuna siri: kapsuli za ukubwa wa Eagle, mahali pakavu, mbali na jiko na mpira, shika ukingoni tu. Lililo muhimu zaidi ni bima. Bima za kawaida za nyumba, hata za mpangaji, mara nyingi huweka kikomo cha dola 200 kwa sarafu na madini zikiibwa. Piga simu uulize kuhusu nyongeza ya bima. Kisanduku cha benki ni salama dhidi ya mwizi wa nyumbani, ila kilichomo hakimo kwenye dhamana ya amana za benki. Na andika daftari: mwaka, tarehe ya kununua, bei, duka. Ukiziuza kwa faida baada ya zaidi ya mwaka mmoja, kodi ya shirikisho ya Marekani kwa vitu vya kukusanya inaweza kufika asilimia 28, na bila risiti huwezi kuonyesha ulinunua kwa ngapi. Mshauri wa kodi aone daftari hilo kabla hujauza, na mwanasheria alione kabla hujaandika wosia, hasa kwa kuwa wanao ni wawili na seti ni moja.

Tanga. Utamkuta sonara, na sonara atakuwekea kwenye mizani. Masonara wa pwani waliyeyusha rupia na reale za wazee wetu wakazifanya bangili na vikuku, na macho yao bado ni ya uzito: 1996 na 2015 kwake ni kitu kimoja, na atakata chake kwa kuwa biashara yake ni dhahabu zaidi. Soko la miaka ya Eagle liko Marekani. Kama nia ni kuziuza, ziuze Houston kabla ya kufunga mizigo. Kama nia ni kwenda nazo, usizitie kwenye begi na kuomba Mungu: uliza forodha ya Marekani kuhusu kutoka na ya Tanzania kuhusu kuingia, upate jibu kwa maandishi, na ubebe risiti zako. Hilo jibu la mtandaoni halitoshi, hata langu.

Kwa wiki hii fanya mambo matatu madogo. Tupa mifuko laini. Nunua mizani inayosoma sehemu za gramu na kalipa, uzijaribu kwa sarafu zako za kopo ili mkono uzoee namba. Na huyo wa 1996 mwambie mkutane ndani ya duka la sarafu, mbele ya mashine, na utamlipa bei ya duka badala ya 25 ikipita. Asipotokea, umeshapata jibu lake.